Namna ya kuandaa tuzo ya dereva na konda bora wa njia yenu, wanafunzi wasicheke

Mwaka wa kwanza tulipotoa tuzo kituoni kwetu, wanafunzi walicheka. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya mwarobaini, mwenyekiti wa mtaa kavaa shati lake la Idi, spika imefungwa kwenye nguzo ya kibanda changu cha wakala wa pesa. Likatajwa jina la konda bora. Kule nyuma, kwenye sare za shule, kicheko kikalipuka na hakikutaka kuisha. Binti mmoja wa kidato cha pili akaniinamia: "Mama, huyu si ndiye anayetuzuia kwa mkono mlangoni tusipande?"

Ndiye. Tulimpata kwa sanduku la kura lililokaa wiki nzima mezani kwa wapiga debe, na wapiga debe ni jamaa zake. Aibu ile ndiyo iliyozaa mwongozo huu. Nauandika kwa daladala za Dar es Salaam kwa sababu huko ndiko ninakokaa na kibanda changu kituo cha mwisho, ninakoona gari linavyoingia na linavyotoka tangu alfajiri. Wa Mwanza, Mbeya au Mombasa mtabadilisha mawili matatu.

Hatua ya 1: Amueni mnamtuza nani

Gari likiwa jipya na lina muziki mzuri, watu husema huduma ni nzuri. Nairobi wanashindanisha nganya, matatu zilizopambwa, kwa rangi, michoro, taa na spika, na ni burudani ya haki kabisa, mimi mwenyewe hupenda kuziangalia. Ila pale mshindi ni fundi wa rangi na mfuko wa mwenye gari. Ninyi mkitaka kutuza huduma, mtuze watu, na gari mliache nje.

Sisi tunatuza timu: dereva na konda wake, pamoja, kwa jina moja. Tulijaribu kuwatenganisha ikashindikana. Konda hawezi kupandisha mwanafunzi kama suka, yaani dereva, keshaondoa gari, wala upole wa dereva haumfikii abiria kama mlangoni kuna mtu wa matusi. Wakiwa pamoja, kila mmoja anamchunga mwenzake.

Hapo hapo mtakutana na deiwaka, anayeshikiwa gari kwa muda na dereva wake. Dereva mwenye gari lake kachoka, kampa kijana tripu tatu za jioni, na kijana huyo ndiye aliyesifiwa na abiria. Nani anatuzwa? Kanuni yetu: timu iingie kama imekaa pamoja miezi miwili mfululizo kabla ya kuanza kuangaliwa, na karatasi yoyote isiyo na uhakika nani alikuwa kwenye usukani inatupwa. Tumepoteza karatasi nzuri kwa kanuni hiyo. Afadhali.

Tuzo zisizidi mbili. Mwaka wa kwanza tulikuwa na tisa, mojawapo ya "gari lenye maneno bora kiooni". Sasa tuna timu bora, na tuzo ya tripu ya mwisho, ambayo nitaieleza huko mbele kwa sababu naipenda kuliko ile kubwa.

Hatua ya 2: Kamati

Watu watano wanatosha. Yetu ina mjumbe kutoka serikali ya mtaa, mwalimu wa sekondari ambayo wanafunzi wake wanapanda njia yetu, mama anayetoka alfajiri kwenda Feri kununua samaki, dereva mstaafu, na mimi katibu. Mama wa samaki ndiye mjumbe muhimu kupita wote. Anayerudi na ndoo inayovuja maji ya samaki kwenye gari lililojaa anawajua makonda kwa undani ambao abiria mwenye begi la ofisini hataufikia. Na dereva mstaafu anawazuia wengine wasidai miujiza: yeye ndiye aliyetuambia kwamba kumlaumu dereva kwa kuchelewa kwenye foleni ya Buguruni ni kumlaumu mvuvi kwa upepo.

Wamiliki wa magari wasikae kwenye kamati. Wapiga debe pia, hata wakiomba kwa upole, na wataomba kwa upole sana.

Pelekeni barua kwa chama cha madereva wa njia, kwa serikali ya mtaa, kwa trafiki wa eneo na kwa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua kazi ya kusimamia daladala mwaka 2019 baada ya SUMATRA. Msiwaombe wachague mshindi. Waombeni orodha ya masharti ya leseni ya njia yenu: sare, tiketi, nauli kubandikwa panapoonekana, gari kufika mwisho wa ruti iliyoandikwa ubavuni. Orodha hiyo ibandikeni kwenye ukuta wa kamati na juu yake mwandike: asiyetimiza haya haingii, na anayeyatimiza hajapata pointi hata moja. Watu wakianza kumpigia mtu makofi kwa sababu katoa tiketi, mjue mmeshapotea.

Hatua ya 3: Vigezo

Kabla ya kuandika kigezo chochote, kaeni na dereva mmoja awaeleze hesabu. Siyo hesabu ya darasani. Ni ile fedha anayompelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, kiasi kilekile, iwe mvua, iwe foleni, iwe gari lililala gereji nusu siku. Mafuta yanatoka kabla, hesabu inafuata, kinachobaki ndicho cha dereva na konda. Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini gari linakatisha ruti likigeuza njiani, kwa nini linakimbizana na mwenzake, na kwa nini wanafunzi wanaachwa. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200. Nafasi anayosimama ingechukuliwa na mtu mzima anayelipa zaidi ya mara mbili yake. Timu inayopandisha wanafunzi watano saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati kituo kimejaa watu wazima, imetoa fedha mfukoni mwake kabla jua halijapanda.

Ndiyo maana kwetu wanafunzi wana pointi 30 kati ya 100. Wazazi fulani waliona ni nyingi mno. Mwalimu wetu akawauliza watoto wao wanafika shule saa ngapi, mjadala ukaishia hapo.

Kufika mwisho wa ruti ni pointi 20. Kusimama kabisa ni 20 nyingine: magurudumu yawe yametulia kabla mtu hajakanyaga ngazi wala hajaiacha. Wengi hawaihesabu hii kwa kuwa tumezoea kuruka tukianza na mguu wa kushoto kama makomando. Mwambieni mwangalizi atazame gurudumu, asitazame uso wa konda.

Chenji na lugha zina pointi 15 kwa pamoja. Chenji irudi bila kudaiwa. "Utapata mbele" ni sifuri hata kama mbele ilipatikana kweli. Zilizobaki, 15, ni za wazee, wajawazito, wenye magongo na viti vya magurudumu, na wenye mizigo. Hapa mama wa samaki alitupa swali moja linalotosha: konda aliushika mzigo, au aliuonyesha kwa kidole?

Kuna kitu msikiweke kabisa: idadi ya tripu. Kuna mwenye gari alituandikia kwamba kijana wake anapiga tripu nyingi kuliko wote na kwa hiyo ndiye mchapakazi. Ukiziweka tripu kwenye vigezo, umeweka tuzo ya mwendokasi, na siongelei yale mabasi marefu yanayoitwa hivyo.

Hatua ya 4: Waangalizi

Hapa ndipo kazi ilipo, na mkiwa na muda mchache, utumieni hapa.

Tafuteni abiria kumi na wawili wanaosafiri njia hiyo kwa shughuli zao. Muuguzi wa zamu ya usiku, mlinzi, fundi cherehani, mwanachuo, bibi anayekwenda kliniki kila mwezi. Wasijuane, na majina yao ayajue katibu peke yake. Kazi yao ni wiki sita. Tunawarudishia nauli ya tripu mbili kwa wiki, basi.

Kila mmoja anapewa vikaratasi vya ukubwa wa kiganja. Juu kuna namba ya gari, siku, saa, kituo alichopandia. Chini nafasi ya mistari minne. Ajaze akishashuka, akijaza ndani ya gari, konda ataona, na kuanzia hapo utakuwa unapima maigizo. Karatasi zinaletwa kibandani kwangu zikiwa zimekunjwa ndani ya noti kama mtu anayeweka pesa kwenye simu, na mpaka leo wapiga debe hawajagundua.

Wafundisheni kuandika walichokiona. Karatasi za wiki ya kwanza zilikuwa zote hivi: "Konda mzuri, ana heshima kwa abiria." Hiyo haina thamani, kwa sababu huwezi kuilinganisha na nyingine. Halafu yule mlinzi akaleta hii:

"Jumanne, saa 12:40 asubuhi, mvua. Wanafunzi watano kituoni, mmoja mdogo sana. Konda alishuka, akawapandisha wote. Mtu mzima alilalamika kaachwa chini. Konda akamwambia: Mzee, hawa wakichelewa wanachapwa, wewe utasamehewa. Gari lilisimama kabisa."

Tuliisoma kwa sauti kwenye kikao na kuanzia siku hiyo ndiyo ikawa mfano tunaowaonyesha waangalizi wapya. Ina siku, ina saa, ina idadi, ina maneno yaliyosemwa.

Timu isihesabiwe mpaka iwe imeangaliwa na watu wanne tofauti, katika nyakati tatu: alfajiri, mchana gari likiwa na nafasi, na usiku. Na angalau mara moja mvua ikinyesha. Kila konda ni mpole saa sita mchana akitafuta abiria. Panga wiki zenu sita ziangukie masika au vuli, mvua iwafanyie usaili bure.

Wanafunzi nao ni waangalizi, ila kwa kupitia kwa mwalimu. Anawauliza darasani magari yapi yanawachukua na yapi yanawaacha, anahesabu mikono, anaandika namba za magari. Majina ya watoto yasiandikwe popote, na msiwapige picha wakipanda. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata isingekuwepo, karatasi za waangalizi hazina biashara yoyote kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Hatua ya 5: Rekodi

Mkishapata timu tano za juu, kagueni karatasi zao. Leseni ya dereva iwe hai na ya daraja linaloruhusu gari analoendesha. Faini za gari zinaangaliwa kwenye mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya usajili. Kumbukeni tu kwamba mfumo unaonyesha gari, na gari linaweza kuwa lilikuwa mikononi mwa deiwaka siku hiyo, kwa hiyo ulizeni tarehe kabla ya kumkata mtu.

Kuhusu ajali tulibishana sana. Wengine walitaka aliyewahi kupata ajali atolewe moja kwa moja. Dereva wetu mstaafu alikataa: yeye aligongwa kwa nyuma akiwa amesimama kwenye taa. Tulichokubaliana kinafanana na wanavyofanya National Safety Council, shirika la usalama kule Marekani, ambao tuzo yao ya maili milioni moja humpa dereva aliyeendesha maili hizo, au miaka 12 mfululizo, bila ajali iliyokuwa inaweza kuzuilika. Neno zito ni hilo la mwisho. Swali haliwi nani alilipishwa, linakuwa: je, dereva makini angeweza kuiepuka? Ulizeni hivyo, mwiteni ajieleze, muamue.

Hatua ya 6: Jaribio la ukaguzi

Hili nimeliiba wazi wazi. Chama cha usafiri wa umma cha Marekani, APTA, kina mashindano ya madereva wa mabasi yanayoitwa Bus Roadeo. Madereva wanapita katikati ya koni bila kuzigusa, na zaidi ya hapo wanapewa basi lenye hitilafu zilizofichwa wazitafute kabla muda haujaisha. Koni hatuna, wala uwanja wa kuzipanga. Hitilafu tunazo.

Jumapili asubuhi, fundi anakaa na Coaster moja ya kuazima na kuiharibu kidogo: anachomoa balbu ya taa ya breki, anapunguza upepo kwenye tairi moja la nyuma la ndani, anaondoa pini ya kizima moto, analegeza skrubu za kiti kimoja, anafunika mlango wa dharura kwa mikeka. Mambo matano. Kila dereva ana dakika saba, konda wake anaruhusiwa kumsaidia.

Mwaka jana dereva mmoja aliyapata yote matano kwa dakika nne, kisha akaendelea kuzunguka. Akapiga magoti, akapitisha kiganja ndani ya rimu la mbele, akakitoa kimelowa. "Hapa kunavuja mafuta ya breki." Fundi akacheka akisema hilo hajaliweka yeye. Akachungulia. Kicheko kikamwisha. Gari la watu lilikuwa linavuja kweli, na Jumatatu lingeingia barabarani likiwa na abiria. Mwenye gari alitushukuru kwa simu mara tatu.

Hatua ya 7: Zawadi

Kombe linapendeza kwenye picha. Dereva wa kwanza kushinda kihalali alinitumia ujumbe wiki mbili baadaye: kombe limejaa chumvi jikoni, mke wake kapata mahali pa kuiweka. Hakuwa analalamika.

Zawadi inayouma kwa uzuri ni hesabu. Nendeni kwa tajiri wa gari lililoshinda mumwombe siku mbili ambazo dereva na konda hawapeleki chochote, kila walichopata ni chao. Kwa tajiri ni fedha kidogo, kwao ni sikukuu. Tajiri akikataa, changeni wenyewe fedha inayolingana na hesabu ya siku moja na mpeleke kwa simu, nusu kwa dereva na nusu kwa konda, kila mmoja kwenye namba yake. Msimpe dereva zote "agawane na mwenzake". Kingine kinachothaminiwa ni bima ya afya ya mwaka, ambayo wengi wao hawana, na ada ya kozi ya udereva wa magari ya abiria, kama ile inayotolewa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, kwa konda anayetaka kuhamia kwenye usukani.

Mafuta ya bure msitoe. Yatakwenda kwa gari, na gari ni la tajiri.

Mdhamini akijitokeza, akae na bango lake upande. Mmoja alitaka waangalizi wavae fulana zake.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fanyeni kituoni, kati ya saa nne na saa sita mchana, katikati ya wiki. Mkifanya ukumbini Jumamosi, washindi wenu watakuwa barabarani wakitafuta hesabu na mtamkabidhi tajiri kombe. Kama mnaweza kuiweka kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, trafiki watakuja bila kubembelezwa.

Hotuba mbili, fupi. Kisha badala ya sifa, someni karatasi tatu za waangalizi kama zilivyoandikwa, bila jina la mwandishi. Someni ya mvua. Abiria waliokuwepo siku hiyo watajitambua, na hapo mtasikia makofi ya aina nyingine.

Halafu ile tuzo ya pili. Tripu ya mwisho ya usiku ndiyo inayowabeba wahudumu wa baa, wauguzi, mama lishe waliomaliza kuosha masufuria. Gari likikatisha ruti saa nne usiku, mtu anatembea kilomita mbili gizani au anatoa fedha ya bodaboda ambayo hana. Tunaipa timu iliyofika mwisho kila usiku iliyoangaliwa, hata ikiwa na abiria wawili. Mwaka jana ilikwenda kwa timu ambayo kwenye orodha kubwa ilikuwa ya nane, konda mkali, mnunaji, chenji anaitoa kama anatoa jino. Ila gari lake halijageuzia njiani hata usiku mmoja, na muuguzi wetu aliandika kwamba huwa linasubiri mpaka aingie geti.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Wekeni faili. Karatasi zote, jumla za pointi, barua, majina ya kamati. Malalamiko yapokelewe kwa siku saba, kwa maandishi, na mlalamikaji aonyeshwe pointi zake, siyo za mwenzake.

Faili hilo litawafaa mkitaka kwenda juu zaidi. Tuzo kubwa za usafiri huangalia miji na mifumo: Dar es Salaam ilipata Sustainable Transport Award, tuzo ya usafiri endelevu, ya mwaka 2018, mji wa kwanza Afrika kuipata, kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016. Waliotoa tuzo ile waliangalia barabara maalumu, vituo, njia za waenda kwa miguu. Hakuna aliyepanda na ndoo ya samaki. Mkialikwa kuchangia maoni kwa watu wa ngazi hiyo, pelekeni vikaratasi vyenu.

Stika ya ushindi iandikwe mwaka na majina mawili, la dereva na la konda, kwa herufi kubwa kuliko namba ya gari. Wakihama gari, ibanduliwe siku hiyo hiyo, vinginevyo tajiri atatembeza sifa za watu alioachana nao. Mwezi wa tatu nilibandua moja mwenyewe kwa maji ya moto na kisu cha mkate. Tajiri alininunia mbele ya kituo kizima. Konda mpya alinishikia birika.